Kijana anayewasha mkaa wa shisha

Ukitaka kuielewa shisha, anza juu kwenye mkaa, usianzie chini kwenye maji. Karibu kila anayeniuliza habari ya shisha huanzia kwenye maji. "Musawo," yaani mganga kwa Kiganda, "moshi si unapita majini? Maji si yanausafisha?" Mimi humrudisha juu, kwenye vile vipande viwili vitatu vya mkaa vilivyokaa juu ya foili, maana hapo ndipo sehemu kubwa ya madhara inapoanzia, na hapo ndipo mteja hapatazami. Mteja anaiwazia ladha yake, tofaa au mnanaa au zabibu. Mkaa ni kazi ya kijana mwenye koleo.

Mimi ni muuguzi. Nimekulia kambini Bombo, baba yangu mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya nyumbani na ya uani. Sasa nafanya kazi kwenye kliniki ndogo upande wa Kansanga, si mbali na Kabalagala, na anayeijua Kampala anajua Kabalagala ni mahali gani usiku wa Ijumaa. Wanaobisha hodi kwetu alfajiri ni waendesha bodaboda walioanguka, walinzi, wapishi wa chipsi na wahudumu wa baa. Wengi wa hao wahudumu ni vijana wa Kongo, kutoka Kivu. Wakisikia Kiswahili hutulia wakaeleza zaidi kuliko walivyokuwa wamekusudia. Mengi nitakayoyasema hapa nimeyapata kwao kwanza, nikaenda kuyatafuta kwenye vitabu na tafiti baadaye.

Niseme habari ya sheria mapema, tusizungushane. Shisha ni marufuku Uganda. Muswada uliopelekwa bungeni na Chris Baryomunsi, mbunge ambaye pia ni daktari, ulipitishwa Julai 2015, Rais Museveni akautia saini Septemba mwaka huohuo, na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ikaanza kutumika tarehe 19 Mei 2016. Ni sheria kali kuliko wengi wanavyodhani. Inakataza kuvuta mahali pa umma na ndani ya mita 50 kutoka hapo, inakataza kumuuzia tumbaku mtu wa chini ya miaka 21, na inaifungia mlango kabisa shisha pamoja na sigara za kielektroniki na tumbaku zilizotiwa ladha. Kampuni ya sigara, British American Tobacco Uganda, waliipinga mahakamani, na Mei 2019 Mahakama ya Katiba ikalitupa shauri lao. Majirani nao wameshaipiga marufuku shisha: Tanzania mwaka 2016, Rwanda na Kenya Desemba 2017.

Chupa za shisha bado zipo. Zimetoka barazani zikaingia vyumba vya nyuma, ghorofani, na kwenye nyumba za watu ambako hufanyika sherehe za kualikana. Baa zilipofungwa kwa sababu ya Korona, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, ndipo wengi walipozoea kuvutia nyumbani, madirisha yamefungwa ili jirani asisikie muziki. Kwangu mimi badiliko hilo ndilo lililofanya jambo baya kuwa baya zaidi, na sababu yake ni huo mkaa.

Tuutazame mtambo wenyewe. Juu kuna kichwa, mara nyingi cha udongo, kinachojazwa tumbaku iliyolowekwa kwenye molasi na gliserini na manukato ya matunda. Juu ya tumbaku hufunikwa foili yenye matundu, na juu ya foili huwekwa mkaa unaowaka. Ukivuta mpira, yaani ule mrija mrefu wa kuvutia, hewa inapita juu ya mkaa, inapata joto, inashuka kwenye tumbaku na kuikausha na kuichoma kidogokidogo, inateremka kwenye bomba hadi majini, inatoka majini ikibubujika, inafika kinywani. Tumbaku ya sigara inajiunguza yenyewe, na ncha ya sigara inapovutwa hufika kiasi cha nyuzijoto 900. Tumbaku ya shisha haifiki huko, ina joto la kama nusu ya hilo, na haiwezi kujiendeleza bila moto wa nje. Ndiyo maana mkaa lazima ukae pale juu muda wote, na ukififia hubadilishwa.

Kwa hiyo anayevuta shisha anavuta vitu viwili kwa mpigo mmoja: moshi wa tumbaku na moshi wa mkaa. Maji yanaupoza moshi huo. Yananasa kiasi kidogo cha nikotini na baadhi ya chembechembe. Lakini gesi ya kaboni monoksidi haiyeyuki majini ila kwa uchache sana, kwa hiyo inapita kama ilivyo. Na huko kupoa kwenyewe ni hatari, kwa sababu moshi wa moto ungekukereketa koo ukauacha, na huu wa baridi, mtamu, wenye harufu ya tunda, unaushusha hadi chini kabisa ya mapafu bila kukohoa.

Sisi Uganda hatuhitaji kufundishwa sana juu ya kaboni monoksidi, maana tunaishi na sigiri, jiko letu la mkaa. Msimu wa mvua mtu huingiza sigiri chumbani apate joto, au anaacha maharage yachemke usiku kucha, dirisha amelifunga kwa kuogopa wezi na mbu, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Hakuna mtaa ambao haujasikia habari ya namna hiyo. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu inang'ang'ania hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na hemoglobini iliyokamatwa hivyo haibebi tena oksijeni. Mtu huumwa kichwa, akachefukwa, akaishiwa nguvu miguuni, akazimia. Mama yule yule anayemfokea bintiye asiingize sigiri ndani analala kwa amani binti akiwa kwenye chumba cha watu kumi, chupa nne, na vipande vya mkaa juu ya kila chupa, kwa sababu ameambiwa hiyo ni matunda na maji.

Mwaka 2009 watafiti Thomas Eissenberg wa Virginia, Marekani, na Alan Shihadeh wa Beirut walitoa matokeo ya kazi moja ambayo naipenda kwa urahisi wake. Waliwachukua watu 31, kila mmoja akavuta shisha kwa muda usiozidi dakika 45, na siku nyingine akavuta sigara moja. Damu yao ilipimwa. Kilele cha nikotini kilikuwa karibu sawa kwa shisha na kwa sigara. Lakini hemoglobini iliyokamatwa na kaboni monoksidi iliongezeka kwa asilimia 3.9 baada ya shisha, na 1.3 baada ya sigara. Na moshi? Sigara moja ilikuwa lita moja. Shisha ilikuwa lita 48 na zaidi.

Hapo ndipo ninapotaka kunyoosha jambo linalosemwa vibaya. Mabango na mitandao inasema "shisha moja ni sawa na sigara mia". Wenye baa wanacheka, na wavutaji wanacheka, kwa sababu mtu anajua angevuta sigara mia angekufa palepale. Asili ya usemi huo ni andiko la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2005, na andiko lenyewe halisemi hivyo. Linasema mvutaji wa sigara huvuta mara 8 hadi 12 kwa dakika tano hadi saba, na kupata nusu lita ya moshi au zaidi kidogo. Mvutaji wa shisha huketi dakika 20 hadi 80, huvuta mara 50 hadi 200, na kila mvuto waweza kufika lita nzima. Kwa hiyo wingi wa moshi wa kikao kimoja waweza kulingana na wa sigara 100 au zaidi. Ni wingi wa moshi. Nikotini ni hesabu nyingine.

Hesabu ya nikotini iko hivi. Mwili hubadilisha nikotini kuwa kotinini, ambayo hukaa siku kadhaa na kuonekana kwenye mkojo, kwa hiyo watafiti huipima hiyo. Mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyotolewa mwaka 2007 yalikuta kwamba anayevuta shisha kila siku ana kotinini sawa na ya mtu anayevuta sigara 10 kwa siku, na asiyevuta kila siku, akikaa kikao kimoja, ni kama amevuta sigara mbili siku hiyo. Inatofautiana kwa aina ya tumbaku, joto la mkaa, umbo la chupa na namna mtu anavyovuta.

Wapo wanaosoma hayo na kupumua: kumbe ni sigara mbili tu! Soma tena pamoja na ile hesabu ya moshi. Ili upate nikotini ya sigara mbili kwa njia ya shisha umelipia kwa makumi ya lita za moshi, na ndani yake kuna lami, kemikali zinazosababisha saratani, benzini, na madini kama risasi, aseniki na nikeli. Nikotini ndiyo inayokurudisha wiki ijayo. Hayo mengine ndiyo yanayokuumiza ukirudi. Nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache baada ya kuvuta, inaugusa ule mfumo wa ubongo unaotupa raha, na baada ya saa mbili hivi nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Ubongo wa kijana, ambao unaendelea kukua hadi miaka ishirini na tano hivi, hujifunza haraka kuidai.

Sasa nirudi kwa kijana wa koleo, maana yeye ndiye aliyenifanya nikae kuandika.

Alikuja Jumapili asubuhi, ana miaka kumi na tisa, anatoka upande wa Goma. Jina lake nalihifadhi. "Dada," akaniambia, "kichwa inaniuma sana, na niko nasikia kizunguzungu, ni kama nataka kuanguka." Kwingine alikokwenda walikuwa wamempa dawa za malaria, akamaliza, kichwa kikarudi. Tukampima, malaria hakuna. Homa hakuna. Nikamuuliza kazi anayofanya, akasema baa. Nikamuuliza baa anafanya nini, akanyamaza kidogo, akatazama mlango, kisha akasema: "Mambo ya shisha."

Nilimwomba anieleze tangu anapoingia kazini. Anaingia saa kumi na mbili jioni. Kuna chumba nyuma ya jikoni, kina mlango na hakina dirisha, humo anawasha mkaa wa vifuu vya nazi kwenye jiko mpaka vipande viwe vyekundu pande zote. Anaviweka tayari vingi, kwa sababu mteja hapendi kusubiri. Chupa ikiagizwa anajaza kichwa, anafunga foili, anatoboa, anaweka mkaa, halafu anavuta yeye mwenyewe mpaka moshi uje mzito, maana mteja hapewi chupa baridi. Alinionyesha kwa mdomo: mashavu yanaingia ndani, anavuta kwa nguvu, anatoa puani, anavuta tena. Anabadilisha kile kidomo cha plastiki, anapeleka mezani. Kisha anazunguka na koleo meza hadi meza, anapuliza majivu, anaondoa mkaa uliochoka, anaweka mpya, na mteja akilalamika kwamba haivuti vizuri, anaivuta tena ajue tatizo liko wapi. Hadi saa kumi alfajiri.

"Kwa hiyo unavuta," nikamwambia.

"Hapana, dada. Mimi si mvutaji. Naanzishaka tu."

Tulihesabu pamoja. Ijumaa ya kawaida chupa ishirini. Kuianzisha kila moja ni mivuto kama kumi, wakati mwingine zaidi. Hiyo ni mivuto mia mbili, ya nguvu, yote ya mwanzo ambapo mkaa ni wa moto kuliko wakati mwingine wowote. Mia mbili ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho Shirika la Afya Duniani limekitaja kwa mvutaji wa kikao kimoja. Ongeza saa kumi za kupumua hewa ya ukumbi, na chumba kile cha nyuma. Mteja mwenye chupa moja anakwenda nyumbani. Huyu anarudi Jumamosi.

Nilimbana kidoleni kile kipimo cha oksijeni, kikaandika 98. Hapa naomba wauguzi wenzangu wasome kwa makini, na wazazi pia, maana siku hizi watu wamenunua vipimo hivi tangu Korona. Kipimo cha kidole kinatofautisha damu iliyobeba kitu na isiyobeba kitu kwa rangi yake. Hemoglobini iliyokamatwa na kaboni monoksidi ina wekundu unaokidanganya kipimo, kikaihesabu kama imebeba oksijeni. Mtu anaweza kuwa na sumu hiyo mwilini na kipimo kikaonyesha namba nzuri kabisa. Mashine inayoweza kutofautisha ipo, ila kliniki za ukubwa wetu hazina. Tunategemea masimulizi ya mgonjwa. Ndiyo maana kunyamaza kwake pale mwanzo, kuogopa kutaja shisha kwa kuwa ni marufuku, kungeweza kumgharimu.

Daktari wetu aliamua tumwekee oksijeni kwa kinyago. Ukiwa kwenye hewa ya kawaida, mwili huchukua saa nne hadi sita kupunguza kaboni monoksidi kwa nusu; ukipewa oksijeni kwa wingi, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Kabla ya adhuhuri kichwa kilikuwa kimeachia. Akalala kwenye benchi letu akiwa ameweka viatu chini ya kichwa.

Alipoamka akaniambia jambo ambalo nilikuwa sikulitarajia. Baa yao hufungwa Jumatatu. "Jumatatu nakuwaka na hasira tu, dada, bila sababu. Hata mdogo wangu anajua, hanisemeshi. Nikianza kazi Jumanne inaisha." Alidhani ni uchovu. Nilimuuliza kama Jumatatu anapata usingizi vizuri, akasema hapana. Kama anaweza kutulia na kitu kimoja, akasema hapana. Hamu ya kula? Anakula kupita kiasi. Kila nilichomuuliza ni dalili ya mtu aliyekatiwa nikotini. Amepata uraibu bila kununua hata chupa moja, bila kuketi hata mara moja kwenye mto akastarehe, akiwa anatafuta kodi ya chumba cha yeye na mdogo wake.

Tangu siku hiyo kila mhudumu wa baa anayeingia na maumivu ya kichwa namuuliza kama anagusa mkaa. Si wote wanaokubali mara ya kwanza. Wanaokubali husema yaleyale: kichwa cha Jumapili, tumbo kuchafuka, kifua kubana, na wengine wameshawahi kuanguka kwenye chumba cha mkaa wakaamshwa kwa maji ya baridi na kurudishwa kazini. Wasichana wanaopeleka vinywaji hawavuti, lakini wamo kwenye hewa hiyohiyo. Mmoja alikuwa na mimba changa. Kwa mjamzito mambo ni mabaya zaidi, kwani hemoglobini ya mtoto tumboni inaishika kaboni monoksidi kwa nguvu kuliko ya mama, na inakawia kuiachia. Huyo nilimwambia bila kuzunguka atafute kazi nyingine, na namshukuru Mungu aliipata, ya kufua nguo za watu.

Kuna jibu ambalo kila mwenye baa analo mkononi: "Yetu haina tumbaku, ni mitishamba." Wengine wanaamini kweli. Pakiti imeandikwa hivyo na picha ya matunda. Mwaka 2012 Shihadeh na wenzake walilipima jambo hilo pia, wakawapa watu shisha ya tumbaku na shisha isiyo na tumbaku. Tofauti kubwa ilikuwa nikotini, ambayo kwenye ile ya mitishamba haikuwemo. Kaboni monoksidi ilikuwepo, kemikali za saratani zilikuwepo, kwa kiwango kilekile. Haikunishangaza. Mkaa haujui kama chini yake kuna tumbaku au majani ya chai. Kwa kijana wa koleo neno "mitishamba" halibadilishi kichwa chake cha Jumapili hata kidogo.

Habari ya kupokezana mpira nitaipitia upesi. Vidomo vya plastiki hubadilishwa, mpira haubadilishwi, na ndani yake huwa na unyevu siku zote. Uganda imo kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu pamoja na VVU. Watu kumi kwenye chumba kilichofungwa, wanakohoa, wanapokezana: kifua kikuu hakihitaji mwaliko zaidi ya huo. Wanaotia waragi, ile pombe kali yetu, au mvinyo badala ya maji wanajiongezea tu kizunguzungu na kukosa kujua chanzo chake.

Kuna wazee wataniambia kwamba kiko cha maji ni cha zamani, na kwamba kwenye mwambao na hata huku bara wapo mabibi waliovuta tumbaku hadi uzeeni. Ni kweli kilikuwepo. Lakini tumbaku ile ilikuwa kali, chungu, mtu anavuta kidogo jioni akaiweka. Hii tamu ya kunukia matunda imeenea duniani kuanzia miaka ya 1990, na imetengenezwa ili asiyevuta aweze kuvuta. Mwanafunzi wa chuo ambaye hajawahi kushika sigara na anayechukia harufu yake anaketi na shisha saa nzima. Uchungu wa tumbaku ulikuwa unamlinda mtu, nao umeondolewa.

Ninachokitaka ni hiki. Misako ya shisha hufanyika, na mimi siipingi, maana sheria ni sheria na hii ni nzuri. Lakini msako ukija usiku, anayekutwa na chupa mkononi ni yule mwenye koleo. Mwenye mali yuko nyumbani kwake. Kijana wa Kongo anaruhusiwa kufanya kazi nchini, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa haki hiyo, na Uganda imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu kwa mikono miwili. Lakini akiwa kwenye kazi iliyopigwa marufuku hana pa kulalamikia. Hawezi kwenda popote kusema chumba hakina dirisha. Hawezi kudai matibabu. Anaogopa hata kumwambia muuguzi. Ningependa wanaosaka waingie kwanza kwenye chumba cha mkaa, wakione, na waandike jina la mwenye jengo kabla ya kumshika mtoto wa watu. Na matangazo yetu ya afya, ambayo kila siku yanamwonyesha mvutaji tajiri kwenye kochi, yamtaje na huyu anayemwashia, kwa Kiganda na kwa Kiswahili, kwani yeye ndiye anayekula moshi wa chupa zote.

Yeye mwenyewe bado yuko pale, kwa sababu kodi haisubiri. Alimwomba msimamizi jiko la mkaa litolewe uani, akakubaliwa. Amenunua kile kipulizio cha mkono cha kuwashia, asitumie tena kinywa. Kichwa cha Jumapili kimepungua sana. Hasira za Jumatatu hazikuisha mara moja, na nilikuwa nimemtahadharisha. Nikotini ikikatwa, siku mbili tatu za kwanza ndizo mbaya zaidi: usingizi unakimbia, mtu anakereka, anakosa utulivu, anatamani kitu asichokijua jina. Baada ya hapo inalegea kidogokidogo, kwa wengi ndani ya wiki mbili hadi nne. Nilimwambia amweleze mdogo wake pia, ili mtoto asidhani amekosa. Kijana mwenyewe anasomea ufundi wa simu mchana, kwa rafiki yake pale Katwe, na akipata wateja wake ataondoka baa.

Kwa anayesoma haya na anaketi kwenye shisha, au anaiwasha: ukisikia kichwa kinabana, moyo unaenda mbio au miguu inalegea, toka nje kwenye hewa papo hapo, na utoke na mwenzako, usiende peke yako chooni ukajifungia. Aliyezimia msimmwagie maji mkamrudisha ndani. Mtoeni nje, mlazeni ubavu, mpelekeni hospitali yenye oksijeni. Na mkifika, kabla hatujakuchoma kidole kwa ajili ya malaria, tuambie mambo matatu: kwamba ulikuwa kwenye shisha, kuanzia saa ngapi, na kama chumba kilikuwa kimefungwa. Hatuandikii polisi. Tunaandika kwenye karatasi yako, na tunaanza na oksijeni.